Chip ya Ekzosi Haityuni Pikipiki

"Fundi, nimefunga ekzosi mpya, sasa niweke chip gani?" Swali hili nimeshalijibu kwa simu, kwa mdomo na kwa ujumbe, na kesho nitalijibu tena. Jibu halibadiliki: usiweke yoyote. Kile kinachouzwa kwa jina la chip ya kuongeza nguvu hakityuni pikipiki ya nozeli. Kinaipotosha kompyuta yake, tena pale ambapo haikuhitaji kuguswa.

Tufungue kimoja tuone kuna nini. Chukua wembe, upasue ile plastiki nyeusi iliyobanwa kwa joto. Utakuta nyaya mbili fupi, soketi huku na huku, na katikati kidude chenye ukubwa wa punje ya mchele kilichochorwa mistari minne: kahawia, nyeusi, nyekundu, dhahabu. Fundi redio yeyote anaisoma mistari hiyo bila kufikiri: omu 1,000, ikizidi au kupungua asilimia 5. Ni rezista. Anayo kopo zima pale mezani kwake na anaziuza moja moja kwa bei ya pipi. Humo ndani hamna kumbukumbu wala programu, na hamna kitu kinachojua kwamba umebadilisha ekzosi.

Rezista hiyo hufungwa kwenye waya wa sensa ya joto la hewa, ile iliyochomekwa kwenye boksi la filta au karibu nalo. Sensa yenyewe ni rezista inayobadilika: hewa ikipoa ukinzani unapanda, ikipata joto unashuka. Kwa sensa za aina inayotumika sana, hewa ya nyuzi 20 inatoa karibu omu 2,500, na ya nyuzi 60 karibu omu 600. Kompyuta ikiona ukinzani mkubwa inaamini hewa ni ya baridi, na kwa kuwa hewa ya baridi ina uzito zaidi, inaiacha nozeli wazi kwa muda mrefu kidogo. Muuzaji anaongeza omu zake 1,000 ili kompyuta isome baridi isiyokuwepo. Unacholipia ni hicho tu.

Sasa tupige hesabu, maana wanaouza vitu hivi hawaipigi kamwe. Asubuhi unatoka Nairobi na Duke 390 yako, hewa ndani ya boksi ni nyuzi 20, unashika Barabara ya Mombasa na unakaza mwendo. Omu 2,500 na 1,000 ni 3,500, kwa hiyo kompyuta inasoma nyuzi kama 12. Tofauti ya nyuzi 8 inaongeza petroli kwa chini ya asilimia 3. Hapo ndipo ulipotaka msaada, na msaada wenyewe ndio huo. Mchana umekwama Mlolongo nyuma ya malori, injini imechemka na boksi la filta limefika nyuzi 60. Omu 600 na 1,000 ni 1,600, kompyuta inasoma nyuzi kama 32. Uongo sasa umekuwa wa nyuzi 28 na petroli imeongezeka karibu asilimia 9. Kifaa ulichonunua kwa ajili ya mwendo kinafanya kazi kidogo ukiwa kwenye mwendo, na kinafanya kazi kwa nguvu ukiwa umesimama kwenye foleni.

Hata ile asilimia 3 ya asubuhi haidumu. Kwenye shingo ya ekzosi kuna sensa ya oksijeni. Petroli ikizidi, volti yake inapanda kuelekea 0.9, ikipungua inashuka kuelekea 0.1, mpaka uko karibu na 0.45. Ukiendesha kwa mwendo wa kawaida usioyumba, kompyuta inaisikiliza sensa hiyo muda wote na kurekebisha nozeli hadi ipate gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu ya petroli. Rezista ikiongeza asilimia 3, sensa inaziona na kompyuta inaziondoa. Umetoa pesa yako kuongeza kitu ambacho pikipiki inakitoa kabla hujafika mzunguko unaofuata.

Kompyuta inaacha kuisikiliza sensa hiyo katika hali chache, kubwa ikiwa pale unapovuta mafuta hadi mwisho. Lakini huko kiwanda hakikubania. Pikipiki nyingi hutoka zikiwa zimewekewa karibu 13 kwa 1 kwenye mvuto kamili, kwa ajili ya nguvu na kuipoza injini. Chomoka kwenye foleni ile ya Mlolongo boksi likiwa bado na joto, vuta hadi mwisho, ongeza asilimia 9 za rezista, unafika chini ya 12 kwa 1. Hapo nguvu inaanza kupungua. Petroli isiyoungua inaosha oili kwenye kuta za silinda na kuingia kwenye sampu, na nyingine inakwenda kuungulia ndani ya katalisti na kuiua. Haya ndiyo mnayoyaita nguvu?

Wapo wanaoniambia chip inafaa kwa sababu Nairobi iko juu. Ni kweli iko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake imepungua kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Mombasa. Hewa ikipungua injini inataka petroli pungufu. Chip inaongeza. Na tofauti ya mwinuko ina sensa yake ya mkandamizo wa hewa, inayofanya kazi hiyo kutoka Mariakani hadi Athi River bila kukuomba kitu.

Kisha kuna yule anayeapa kwamba aliisikia tofauti. Simwiti mwongo. Pikipiki nyingi za kisasa, hasa za silinda moja, zimebaniwa petroli kwenye mvuto mdogo ili zipite vipimo vya moshi, na hushtukashtuka ukifungua mafuta taratibu. Petroli kidogo ya ziada inaweza kulainisha mshtuko huo kwa dakika kadhaa. Zaidi ya hapo ni masikio: ekzosi yenye kelele inamfanya mwendeshaji aamini amepita kasi ambayo hajaifikia. Weka saa, pima kutoka kilomita 60 kwa saa hadi 100 kwa gia ile ile, barabara ile ile, kabla na baada. Wanaoapa ni wengi, waliopima sijawaona.

Kosa la msingi liko kwenye wazo kwamba ekzosi mpya inataka petroli zaidi kila mahali. Kompyuta inaangalia umefungua mafuta kiasi gani na injini inazunguka mara ngapi, kisha inachukua muda wa kufungua nozeli kwenye jedwali lililoandikwa kiwandani kwa ekzosi ya kiwandani. Ekzosi nyingine inabadilisha namna injini inavyopumua, lakini haibadilishi kwa kiasi kimoja. Kwenye mizunguko 4,000 inaweza kutaka nyongeza, kwenye 5,500 ikataka kupunguziwa, kwenye 8,000 ikataka nyongeza tena. Kutyuni ni kupita jedwali hilo kisanduku kwa kisanduku ukiwa na kipimo mkononi. Rezista moja haina namna ya kujua uko kisanduku gani.

Na kabla hujalaumu petroli kwa ile milio ya kupasua ukifunga mafuta, kagua maungio. Mara nyingi gasketi ya zamani imerudishwa ikiwa imebonyea, au klampu haijakaza. Hewa ya nje ikinyonywa hapo inakutana na petroli ambayo haijaungua, inalipuka ndani ya bomba. Mvujo ukiwa karibu na sensa ya oksijeni ni mbaya zaidi: sensa inaona hewa ya nje, kompyuta inadhani petroli imepungua, inaongeza, na wewe unalalamika kwamba pikipiki imekuwa mlevi. Gasketi mpya ni rahisi kuliko chip yoyote.

Basi fanya hivi. Kama umebadilisha sailensa ya mwisho tu na katalisti ipo, usiguse petroli: weka gasketi mpya, kaza, washa injini ikiwa baridi na pitisha mkono karibu na maungio kabla bomba halijapata moto, kisha endesha, kompyuta ijisawazishe kwa kadiri sensa inavyoiruhusu. Kuchomoa betri kunaweza tu kufuta kile ilichokwisha kujifunza. Hakudhuru na hakutyuni. Kama umebadilisha mfumo mzima kuanzia kwenye kichwa cha injini, hakikisha tundu la sensa liko karibu na pale lilipokuwa, kwa sababu sensa ya oksijeni haisomi vizuri mpaka ipite nyuzi 300 hivi, na ikisogezwa mbali inapoa. Hapo ndipo unahitaji kutyuni kweli, na njia ni mbili: moduli inayokaa kati ya kompyuta na nozeli, kama Power Commander, au kuandika upya jedwali ndani ya kompyuta yenyewe. Ya pili ni safi zaidi ikiwa pikipiki yako ina programu yake. Ya kwanza unaweza kuihamisha au kuichomoa ukitaka kuuza. Ramani iliyopakuliwa kwa ajili ya ekzosi ya mfano wako ni mahali pa kuanzia. Pa kumalizia ni kwenye daino, mashine ya kupimia nguvu, ukiwa na sensa ya oksijeni yenye upeo mpana, ile inayotoa namba halisi ya uwiano. Ya kiwandani inajua tu kama petroli imezidi au imepungua. Rangi ya plagi kwa petroli ya leo isiyo na risasi ni ushahidi dhaifu, usimlipe fundi anayetyuni kwa kuitazama. Kama bajeti haifiki huko, rudisha ekzosi ya kiwandani mpaka ifike, injini haitakudai.

Ukishamaliza, dai karatasi. Iwe na mstari wa nguvu na chini yake mstari wa uwiano wa hewa na petroli kutoka mizunguko ya chini hadi ya mwisho, kabla na baada. Ukipewa mstari wa nguvu peke yake, kazi uliyoilipia haijafanyika. Irudishe pikipiki siku hiyo hiyo.