Rimu Halisi au Nakala? Mwongozo kwa Mmiliki wa Gari la Kale

Hakuna kipuri kinachobadili sura ya gari la kale upesi kama rimu. Gari lililopakwa rangi upya likafungwa rimu zisizolifaa huonekana geni; gari lenye mikwaruzo lakini lenye rimu zake huonekana limekamilika. Ndiyo maana wamiliki huwa tayari kulipa fedha nyingi kwa ajili ya rimu, na ndiyo maana pia wauzaji wasio waaminifu huiona hapo nafasi yao.

Makala haya yanahusu magari ya Marekani yenye injini kubwa yaliyotengenezwa katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970: Pontiac GTO la mwaka 1964, ambalo wengi hulihesabu kuwa ndilo lililofungua zama hizo, Ford Mustang, Chevrolet Camaro, Dodge Charger na mengineyo ya jamii yao. Si mengi katika barabara zetu, na mwenye nalo mara nyingi hulazimika kuagiza rimu kutoka ng'ambo kwa kutazama picha tu. Hulipa kwanza, huona baadaye. Hata hivyo, vipimo tunavyovieleza hapa vitamfaa pia mwenye Land Rover, Peugeot 504 au gari jingine la kale.

Tunamshauri mnunuzi ajiulize maswali matatu, na ayaulize kwa mpangilio huu: Je, rimu hii inaingia sawasawa? Je, ni nzima? Je, ni kile ambacho muuzaji amesema? Uzuri una nafasi yake, lakini uje baada ya hayo matatu.

Halisi ni ipi, na nakala ni ipi?

Rimu halisi ni ile iliyotengenezwa wakati wa gari lenyewe, na kiwanda cha gari au kwa agizo la kiwanda hicho. Nyingi zilikuwa za chuma, zenye kipenyo cha inchi 14 au 15. Aina ya Magnum 500, kwa mfano, ina miguu mitano ya chuma iliyong'arishwa kwa kromu, na ilifungwa katika magari ya Ford na ya Dodge vilevile.

Nakala ni rimu mpya iliyotengenezwa kwa kufuata sura ya ile ya zamani. Nakala si bidhaa bandia. Mtengenezaji anayesema wazi kwamba bidhaa yake ni nakala anafanya biashara halali, na nakala nzuri inaweza kuwa salama kuliko rimu halisi iliyochoka. Ubandia huanza pale nakala inapouzwa kwa jina na bei ya rimu halisi.

Lipo kundi la tatu ambalo mnunuzi hukutana nalo mara nyingi: rimu ya gari jingine kabisa, ambayo muuzaji anasema "inaingia". Hapa ndipo penye hatari kubwa zaidi.

Swali la kwanza: Je, inaingia sawasawa?

Kipimo cha kwanza ni mzunguko wa nati, yaani kipenyo cha duara linalopita katikati ya matundu ya nati. Mustang lenye injini ya silinda nane na magari mengi ya Chrysler ya wakati huo yana matundu matano katika duara la milimita 114.3. Camaro na jamaa zake wa General Motors wana matundu matano katika duara la milimita 120.65. Lakini jina la gari pekee halitoshi. Mustang la mwaka 1965 lenye injini ya silinda sita lina matundu manne, na Dodge Dart la miaka ya 1960 lina duara dogo la milimita 101.6. Pima gari lako mwenyewe.

Kwa rimu yenye matundu matano, pima umbali kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu la jirani yake, kisha uzidishe kwa 1.701. Umbali wa milimita 67.2 utakupa 114.3, umbali wa milimita 70.9 utakupa 120.65.

Sasa tuchukue mfano. Mwenye Camaro anaambiwa kwamba rimu za BMW zitamfaa. Magari mengi ya BMW yana duara la milimita 120, na tofauti ya milimita 0.65 inaonekana kuwa si kitu. Kati ya tundu na tundu, tofauti hiyo haifiki hata nusu milimita. Futi ya fundi haiwezi kuionesha. Rimu itaingia, nati zitafungwa, na gari litaondoka gereji. Lakini nati hazikai katikati ya viti vyake. Kila moja inavuta upande wake, stadi zinapinda kidogo kidogo, na mtikisiko wa barabara unalegeza kilichokazwa. Kuingia si kufaa.

Kipimo cha pili ni tundu la katikati, linalopita juu ya habu ya gari. Rimu nyingi za Toyota zina duara lilelile la milimita 114.3, lakini tundu lake la katikati ni milimita 60.1, ilhali habu ya Mustang inahitaji takriban milimita 70.6. Rimu hiyo itagota kwenye habu kabla ya kukaa mahali pake. Asikubali mtu shauri la kulichonga tundu au kuikaza rimu kwa nguvu ya nati.

Kipimo cha tatu ni kina cha nyuma. Laza rimu kifudifudi, weka ubao ulionyooka juu ya ukingo wa nyuma, kisha pima kutoka kwenye ubao hadi kwenye uso unaogusa habu. Kina kikizidi, tairi litasugua vyuma vya ndani. Kikipungua, tairi litatoka nje na kukwangua madigadi kila gari linapoingia shimoni. Kumbuka pia kwamba upana wa rimu hupimwa mahali tairi linapokaa, wala si kutoka ukingo wa nje hadi ukingo wa nje. Rimu inayoitwa ya inchi 7 huwa na upana wa jumla wa takriban inchi 8.

Kipimo cha nne ni breki. Magari mengi ya zama hizo yalitoka kiwandani na breki za ngoma, na wamiliki wengi wamezibadili kuwa za diski. Rimu halisi ya inchi 14 iliyotosha juu ya ngoma inaweza kugusa kalipa ya diski. Kabla ya kuvalisha tairi, ifunge rimu tupu kwenye habu na uizungushe kwa mkono.

Mwisho ni nati zenyewe. Stadi za Mustang kwa kawaida ni za nusu inchi, za Camaro ni za saba ya kumi na sita ya inchi, na za magari mengi ya Kijapani ni za milimita 12. Nati isiyo ya stadi yake inaweza kushika nyuzi mbili tatu kisha ikaziharibu. Umbo la kiti nalo lilingane: rimu nyingi za chuma hutaka nati yenye ncha ya koni, na baadhi ya rimu za aluminiamu hutaka nati yenye shingo ndefu na washa bapa. Mwenye gari la Chrysler la miaka ya 1960 ajue kwamba mengi yana nyuzi za kinyume upande wa kushoto. Fundi asiyelijua hilo hukata stadi akidhani anafungua.

Swali la pili: Je, ni nzima?

Rimu halisi ya mwaka 1969 imebeba gari kwa zaidi ya nusu karne. Imepita mashimo, imegongwa na nyundo za mafundi, imekaa uani mvuani. Uhalisi wake ni sifa ya historia. Uzima wake ni jambo la kukaguliwa leo.

Kagua upande wa nyuma kabla ya upande wa mbele. Tafuta nyufa kuzunguka matundu ya nati na mahali sehemu ya katikati inapoungana na pipa la rimu. Tazama kama matundu yamekuwa ya yai badala ya kuwa ya duara, dalili kwamba rimu iliwahi kuendeshwa ikiwa imelegea. Kutu ya juujuu husafishwa, lakini kutu iliyochimba chuma mahali tairi linapokaa huvujisha upepo na kupunguza unene. Rangi mpya na kromu mpya si ushahidi wa uzima: vyote viwili huweza kufunika mahali palipochomelewa. Muulize muuzaji waziwazi kama rimu imewahi kuchomelewa, na jibu liandikwe. Kisha ipelekwe kwenye mashine ya balansi izungushwe bila tairi. Iliyopinda itajionesha yenyewe.

Nakala nayo ina maswali yake. Tafuta alama za mtengenezaji, kipimo cha rimu na uzito inaoweza kubeba, vikiwa vimegongwa au kusubiwa kwenye rimu yenyewe. Karatasi ya kubandika haitoshi. Kwa rimu za aluminiamu, alama ya JWL hurejelea viwango vya Japani, na baadhi ya watengenezaji wa Marekani hutaja kiwango cha SAE J2530. Uzito hukokotolewa kwa urahisi: chukua uzito wa juu unaoruhusiwa kwenye ekseli nzito zaidi, ugawe kwa mbili. Ekseli ya kilo 1,100 inahitaji rimu iliyothibitishwa kubeba kilo 550 au zaidi. Nakala isiyotaja mtengenezaji wala uzito haina wa kuidhamini, hata ikipendeza namna gani.

Rimu ikiuzwa pamoja na tairi, soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni mwa tairi. Tarakimu 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililozeeka lisihesabiwe kuwa nyongeza ya thamani.

Swali la tatu: Je, ni kile kilichotajwa?

Tofauti ya bei kati ya rimu halisi na nakala inaweza kuwa kubwa, na hapo neno "orijino" hutumika ovyo. Kwenye rimu nyingi za General Motors za zama hizo, herufi za utambulisho na tarehe ya kutengenezwa viligongwa karibu na tundu la valvu. Omba picha ya mahali hapo. Rimu yenye tarehe ya baada ya gari kuundwa haikutoka kiwandani na gari hilo, ingawa yaweza kuwa rimu halisi ya gari jingine. Aidha, seti moja huweza kuchanganywa: mbili halisi, mbili nakala. Omba picha ya kila rimu, mbele na nyuma.

Sheria iko upande wa mnunuzi mwenye ushahidi. Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mtumiaji, na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Lakini maelezo yaliyotolewa kwa mdomo ni vigumu kuyathibitisha, na muuzaji aliye ng'ambo ni vigumu kumfikia. Kwa hiyo, pata maelezo kwa maandishi kabla ya kulipa, na utumie njia ya malipo inayoruhusu kupinga muamala.

Ipi ichaguliwe?

Sisi hatupendekezi moja dhidi ya nyingine. Mwenye gari la maonesho, ambalo thamani yake inategemea kila kipuri kuwa cha asili, ana sababu nzuri ya kutafuta rimu halisi, na akubali gharama ya kuzikagua. Anayeliendesha gari lake mara kwa mara, hasa akiwa amebadili breki, mara nyingi atahudumiwa vyema na nakala inayotaja mtengenezaji na uzito wake. Wapo pia wanaohifadhi seti halisi ndani na kuendesha kwa nakala. Uamuzi huo una busara.

Kabla ya kulipa

1. Pima gari lako: mzunguko wa nati, habu, kina cha nyuma na stadi.
2. Pata kwa maandishi vipimo vya rimu, umri wake, na kauli kama ni halisi au nakala.
3. Omba picha za nyuma na za alama zilizogongwa, kwa kila rimu.
4. Kubalianeni muda na masharti ya kurudisha. Wauzaji wengi hawapokei rimu iliyokwisha kuvalishwa tairi, hivyo ijaribu ikiwa tupu.
5. Nati zikazwe kwa spana ya kipimo, kwa kufuata kitabu cha gari, na zikaguliwe tena baada ya kilomita 80 hadi 160.
6. Tunza risiti, picha na mawasiliano yote.

Muuzaji akikataa kutoa maelezo kwa maandishi, amekwisha kukujibu. Rimu nyingine itapatikana.