Neno "free": si kila mara ni bure

Neno la Kiingereza "free", linalotamkwa frii, limezoeleka hata kwa wasiosoma Kiingereza. Wengi wetu tukiliona tunajua ni "bure". Ni kweli, lakini hiyo ni maana moja tu, na kwa mgonjwa wa kisukari kujua maana nyingine ni jambo la afya.

Maana ya kwanza ni bila malipo. Namba ya simu iliyoandikwa "toll free" haikukati salio unapoipiga. Nchini Kenya na Tanzania, namba 116 ya huduma ya simu kwa watoto ni ya aina hiyo. Hata kama huna salio, unaweza kupiga.

Maana ya pili ni huru, au mwenye nafasi. Mtu akisema "I am free today", anakwambia leo hana shughuli. Mayai ya "free range" nayo si ya kugawiwa bure: ni ya kuku wanaoachiwa watembee nje badala ya kufungiwa ndani muda wote.

Maana ya tatu ni bila kitu fulani. Hapa "free" hukaa nyuma ya jina la kitu hicho. "Sugar free" ni bila sukari. "Duty free" ni bila ushuru, lakini bidhaa yenyewe bado utailipia. Linganisha na "free soap", yaani sabuni ya bure: hapo neno limetangulia.

Sasa turudi kwa mgonjwa wa kisukari. Biskuti za "sugar free" bado zimetengenezwa kwa unga, na wanga wa unga hugeuka sukari mwilini. Usizile bila kipimo. Pia, usichanganye "sugar free" na "no added sugar". Maneno haya ya pili yana maana kwamba hakuna sukari iliyoongezwa. Juisi ya embe ya namna hiyo bado ina sukari ya embe lenyewe. Ukiwa na shaka, muulize mhudumu wa afya.

Mwisho, msikilizaji, ukipata ujumbe wa simu kwamba umeshinda zawadi "free", kisha unaambiwa utume pesa kwanza ili uipate, usitume. Zawadi ya bure hailipiwi.