Tone la damu husafirije ndani ya kipimo cha malaria?

Msikilizaji, huenda umewahi kukaa kwenye benchi la zahanati na mtoto mwenye homa mapajani. Mhudumu anatoboa kidole, anaweka damu kidogo kwenye kipimo cha haraka cha malaria, anaongeza matone ya kimiminika kiitwacho bufa, kisha anasema, "Tusubiri." Kipimo hakina betri wala pampu. Lakini ukitazama kidirisha chake utaona wekundu unatembea wenyewe kuelekea upande wa pili. Unavutwa na nini?

Jibu liko katika mambo unayoyaona kila siku shambani na nyumbani.

Uso unaopenda maji na uso unaoyakataa

Baada ya mvua, tazama jani la gimbi. Maji hayalilowanishi, bali hujikusanya kuwa matone ya mviringo na kuteleza hadi chini. Sasa dondosha maji kwenye kitambaa cha pamba. Tone linatandazika na kuzama. Maji ni yale yale, tofauti ni mahali yalipoangukia.

Chembe za maji hupenda kushikana zenyewe kwa zenyewe. Uso ukizivuta kwa nguvu, tone hutandazika. Uso ukizivuta kidogo tu, tone hubaki limejikunja. Wanasayansi hupima pembe kati ya ukingo wa tone na uso lilipokaa. Ikiwa chini ya nyuzi 90, uso huo unapenda maji. Ikizidi nyuzi 90, unayakataa.

Njia ikiwa nyembamba

Ndani ya ndoo hatuioni nguvu hii, kwa sababu uzito wa maji unaishinda. Njia ikiwa nyembamba sana, kuta huwa karibu na maji yote, na hapo kuta ndizo zinazoamua. Katika mrija safi wa kioo wenye tundu la milimita 1, maji hupanda yenyewe karibu sentimita 3. Tundu likiwa jembamba mara 10 zaidi, yanaweza kupanda karibu sentimita 30. Mafuta ya taa hupanda kwenye utambi wa koroboi kwa njia hiyo hiyo.

Kuta zikikataa maji, mambo hugeuka. Tone hukwama mlangoni na haliingii mpaka lisukumwe.

Mwaka 2007, watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, akiwamo George Whitesides, walitumia tofauti hiyo kutengeneza vipimo vya karatasi. Waliweka mipaka inayokataa maji ndani ya karatasi, na kimiminika kikafuata njia iliyoachwa wazi. Baadaye nta ikatumika kuweka mipaka hiyo. Unaweza kujaribu nyumbani: sugua mshumaa kwenye karatasi, kisha dondosha maji juu yake. Penye nta tone litabaki juu, pasipo na nta litazama.

Ndani ya kipimo cha malaria

Ndani ya ile plastiki kuna ukanda wenye vinjia vingi vyembamba kuliko unywele. Ukanda huo hutengenezwa kwa nitroselulosi, ambayo kwa asili hailowani vizuri. Kwa hiyo kiwandani huongezewa kemikali inayofanya kazi kama sabuni, ili ipokee maji kwa urahisi.

Damu ikichanganyika na bufa, ukanda huivuta. Njiani huokota chembe ndogo za rangi zinazonasa protini ya vimelea vya malaria. Zikifika penye mstari wa kipimo, protini ikiwapo, chembe hunaswa hapo na mstari hutokea. Mbele yake kuna mstari wa C, unaothibitisha kwamba kimiminika kilifika na kipimo kimefanya kazi.

Mwendo huo lazima uwe wa kadiri. Kimiminika kikikimbia, chembe hukosa muda wa kushikana. Kikikwama, hazifiki. Katika hali zote mbili, mtoto anaweza kupewa jibu lisilo sahihi.

Mambo ya kuzingatia

Pakiti ifunguliwe wakati wa kupima tu. Unyevu wa hewa huharibu ukanda na kemikali zake, ndiyo maana ndani huwekwa kifuko kidogo cha kukausha unyevu.

Bufa isibadilishwe kwa maji ya kawaida. Maji hayana kemikali zinazohitajika na yanaweza kuleta mstari wa uongo. Idadi ya matone nayo ifuatwe kama maelekezo ya kipimo yanavyosema.

Jibu lisomwe kwa wakati. Vipimo vingi husomwa baada ya dakika 15 au 20. Ukisoma mapema, mstari unaweza kuwa haujatokea. Ukichelewa sana, ukanda huanza kukauka, kimiminika kinaweza kurudi nyuma, na mstari usio wa kweli ukajitokeza.

Mstari wa C usipotokea, kipimo hicho hakina jibu, hata kama mstari mwingine umeonekana. Omba kirudiwe kwa kipimo kipya. Na kama jibu ni kwamba hakuna malaria lakini homa inaendelea, mrudishe mgonjwa kituo cha afya, kwa sababu homa ina vyanzo vingi.

Kwa hiyo mhudumu akikuambia usubiri, subiri naye. Tone bado liko safarini.