Mgonjwa Akiuguzwa Nyumbani, Utajuaje Kama Anatunzwa Vizuri?



Wengi wetu tunatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kurudi giza limeingia. Nyuma tunamwacha mzee aliyepooza upande mmoja, au mama mwenye kansa aliyerudishwa kutoka Mulago kwa sababu madaktari wamesema hakuna operesheni ya kumsaidia tena. Anayemtunza ni shemeji, au binti wa kuajiriwa, au watu wa shirika wanaofika na gari mara moja kwa juma. Katika matawi yetu, viwandani na katika mashamba ya chai, wanachama huniuliza: mimi sipo mchana kutwa, nitajuaje kama mgonjwa wangu yuko katika mikono mizuri? Nitajibu kama nilivyojifunza mwenyewe, na nilijifunza kwa hasara.

Baba yangu alifanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha sukari. Mwaka 2016 presha ilipanda akapata kiharusi, mkono na mguu wa kulia ukawa hauna nguvu. Sisi ndugu wanne tulichanga pesa tukalipa kikundi kimoja cha uuguzi wa nyumbani. Msichana waliyemleta alikuwa na sare nyeupe na salamu nzuri. Kila nikirudi nyumba imefagiwa na baba amevaa shati safi. Nikaridhika. Juma la sita nilisikia harufu. Nilipomgeuza baba nilikuta kidonda juu ya makalio, kinaingia ngumi ya mtoto. Hakuna aliyekuwa akimgeuza. Kidonda kile tulikiuguza miezi saba. Kikundi nakilaumu, lakini na mimi najilaumu, kwa sababu kwa majuma sita sikuinua shuka hata siku moja. Nilikuwa naangalia sare.

Kwa hiyo anza na mwili wa mgonjwa. Mtu asiyeweza kujigeuza yafaa ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana. Asipogeuzwa, uzito wake unabana nyama kati ya mfupa na godoro, damu haipiti, na nyama inakufa. Tazama visigino, nyonga, mfupa wa chini ya mgongo, mabega, viwiko, hata masikio. Utaambiwa utafute ngozi iliyokuwa nyekundu, lakini katika ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani upesi. Tumia kiganja. Kama pahali pana joto kuliko pembeni yake, au pamekuwa pagumu, au panabonyea kama embe lililopondeka, au rangi imekolea kuliko ngozi nyingine, kidonda kinaanza. Usipasugue kwa spiriti wala mafuta. Wengi hufanya hivyo wakidhani wanasaidia, kumbe wanaumiza nyama ambayo tayari imechoka. Mgeuze asilalie hapo, kisha mwite muuguzi.

Tazama pia mdomo na mkojo. Ulimi mkavu wenye ukoko, na mkojo wa rangi ya chai kavu, vinaonyesha kwamba hanywi maji ya kutosha. Nimekuta nyumba ambamo mtunzaji alimnyima mzee maji kwa makusudi, ili asikojoe kitandani. Si kwamba alikuwa katili. Alikuwa na shuka mbili tu, na maji yanatoka kisimani kwa jerikani.

Siku moja omba ruhusa, ufike saa ya chakula bila kutoa habari. Aliyepata kiharusi halishwi akiwa amelala. Akalishwe ameketi wima, kijiko kidogo kidogo, na abaki ameketi nusu saa baada ya kula. Kama anakohoa kila akinywa, au sauti yake inakuwa kama ya mtu mwenye maji kooni, basi chakula kinapotea njia na kuingia mapafuni, na wagonjwa wengi wa namna hiyo huuawa na nimonia. Mtunzaji anayekuambia “hukohoa hivyo siku zote” hajui kazi. Usimgombeze, mpeleke akafundishwe, na wewe uende naye.

Sasa habari ya mashirika yanayotembelea wagonjwa. Hapa Uganda tunao mfano mzuri wa kupimia. Mwaka 1993 Dakta Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala, kwa ajili ya watu wenye kansa na UKIMWI ambao maumivu yao hayatulizwi na vidonge vya kawaida, watunzwe kwao. Baadaye kazi ilifika Mbarara na Hoima. Dawa yao kubwa ni mofini ya maji, ya kunywa. Tangu 2004 wauguzi na maofisa wa kliniki waliofunzwa kazi hiyo wanaruhusiwa kuiandika, si madaktari peke yao, na ndiyo sababu inaweza kufika mahali ambapo daktari haonekani mwaka mzima.

Mofini haiponyi kansa, hutuliza maumivu. Ya maji hunywewa kila saa nne, na kwa kawaida muuguzi huandika kipimo cha wakati wa kulala kiwe mara mbili, ili mgonjwa apate kulala. Karibu kila anayeinywa hufunga choo. Kwa hiyo muuguzi anayejua kazi yake huleta na dawa ya kulainisha choo siku ile ile, bila kungoja mgonjwa alalamike. Basi kama mtu amekuachia chupa ya mofini bila dawa ya choo, bila kuandika kipimo na saa, na bila kusema nani aitwe mgonjwa akilala usingizi usioamshika, umekwisha kujua ni huduma ya namna gani. Chupa yenyewe ifungiwe mbali na watoto, na mtu asiongeze kipimo kwa akili yake.

Angalia tena kama wanauliza maumivu. Wauguzi wa kazi hii humwomba mgonjwa aonyeshe kwa mkono: ngumi maana yake hakuna maumivu, vidole vitano maana yake maumivu yamepita kiasi. Anachoonyesha huandikwa. Juma lijalo huulizwa tena, wakalinganisha. Anayeingia, akasali, akapiga picha na kuondoka, hajapima kitu.

Maandishi ndiyo ushahidi wako wewe ambaye hukuwepo. Nunua daftari la shule, lining'inizwe kwa kamba kando ya kitanda. Humo iandikwe saa aliyogeuzwa na upande aliolalia, alichokula, maji, choo, dawa na saa yake, na jina la aliyetoa. Asiyejua kuandika atie alama. Lakini usiliamini daftari bila kutazama mwili. Nimeona ukurasa ulioandikwa kugeuzwa mara kumi na mbili kwa wino mmoja na mkono mmoja, umejazwa asubuhi kwa siku nzima.

Anayejiita muuguzi mwombe leseni. Kila muuguzi anatakiwa awe ameandikishwa na Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uganda na awe na leseni ambayo muda wake haujaisha. Si tusi kuiomba. Hata dereva wa lori la kiwanda anaulizwa leseni. Binti wa kazi asiye muuguzi anaweza kuosha, kulisha, kugeuza na kutoa vidonge vilivyoandikwa. Sindano asiguse. Na usilipe miezi mitatu mbele, hata wakikuahidi kupunguza bei.

Chumbani mambo ni machache. Sigiri ya makaa isiwekwe ndani usiku na dirisha limefungwa, moshi wake usioonekana unaua mgonjwa na mtunzaji pamoja. Pawe na sabuni na maji ya kunawa kabla na baada ya kumshika mgonjwa, na glavu za kazi za damu na kinyesi. Damu ikimwagika sakafuni, Jik ya asilimia 3.5 huchanganywa sehemu moja kwa sehemu sita za maji. Usiitie kwenye kidonda.

Hapa nitawaudhi baadhi yenu. Sisi ambao tunagoma kwa ajili ya ovataimu, je, binti anayemtunza baba zetu analala saa ngapi? Hesabu mwenyewe. Kumgeuza mgonjwa kila saa mbili usiku kucha, kisha kufua, kupika, kuteka maji, siku saba. Hakuna mtu anayeweza. Sheria ya Ajira ya 2006 inaweka saa 48 kwa juma na siku ya kupumzika, na mfanyakazi wa nyumbani yumo katika sheria hiyo. Nimewasikia wanachama wenzangu wakisema “yeye anakula na kulala kwetu”. Ndivyo mabwana wa mashamba walivyowaambia babu zetu.

Nasema hivi si kwa huruma tu. Mtunzaji ambaye hajalala huchanganya dawa. Anayemnyanyua mzee peke yake huumia mgongo, au humwangusha. Kwa hiyo katika kupima usalama wa mgonjwa uliza na haya: nani anashika zamu ya usiku? Nani anamsaidia kunyanyua? Anapokwenda kwao nani anabaki? Mshahara wa mwezi uliopita amelipwa? Shirika lisiloweza kukujibu juu ya wafanyakazi wake haliwezi kukuhakikishia juu ya mgonjwa wako.

Baada ya kidonda cha baba tulipanga zamu upya. Mimi na kaka tulishika usiku kwa kupokezana, binti mpya alishika mchana tu, na Jumapili alikwenda kwao. Mzee alifariki mwaka 2018, mgongo wake ukiwa mzima.

Limebaki jambo la chama. Sheria ile ile ya 2006 inamlinda mfanyakazi anayeugua mwenyewe: mwezi wa kwanza hulipwa mshahara kamili. Anayemuuguza mzazi au mtoto hapati siku kwa kifungu hicho, anazipata tu kama zimeandikwa katika mapatano ya chama na mwajiri. Mapatano mengi niliyoyashika mkononi yanataja siku za mazishi. Tunapewa ruhusa ya kwenda kuzika, ya kwenda kuuguza hatupewi. Makatibu wa matawi, mnapoandika madai ya mazungumzo yajayo, wekeni siku za kuuguza na ruhusa ya kubadilishana zamu kwa mwenye mgonjwa nyumbani. Mleteni na idadi: wangapi katika tawi lenu wana mgonjwa wa kitandani sasa hivi, na nani anayemtunza wao wakiwa kazini. Mwajiri ataomba hesabu hiyo kwanza.