Huruma Peke Yake Haitoshi

Jioni ya Jumamosi, tarehe 22 Mei 2021, mlima Nyiragongo ulipasuka ubavuni, na mto wa moto ukateremka kuelekea Goma. Uliteketeza vijiji, ukaikata barabara kuu itokayo Goma kupitia Kibati mpaka Rutshuru. Siku zilizofuata, watu waliotaka kuvuka iliwapasa kukanyaga mawe ambayo moto ulikuwa bado hai ndani yake. Wengine wao walikufa papo hapo kwa kuvuta hewa ya sumu.

Twakumbusha habari hii kwa sababu ina fundisho kwa kila mzazi na kila mwanafunzi. Hospitali kubwa ziko Goma, na kutoka Kibati ni kilometa kumi na kitu tu. Lakini barabara ikikatwa na moto, au ikifungwa na vita kama mwaka 2008 na mwaka 2012, kilometa hizo chache huwa nyingi mno. Hapo uhai wa mgonjwa hutegemea maarifa ya jirani aliye karibu naye.

Wako vijana watamanio kazi ya mhudumu wa dharura, yaani yule afikaye kwanza penye ajali, amtunzaye mgonjwa njiani mpaka amkabidhi kwa daktari. Wana moyo mwema. Je, wajifunze nini?

Kuitambua hatari

Somo la kwanza ni kujizuia. Watu wa Goma na Sake wajua habari za mazuku, ile hewa mbaya itokayo ardhini na kutuama katika mashimo na mabonde. Haina rangi wala harufu. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo hulala chini, hasa usiku usio na upepo. Mtu akianguka humo, ndugu yake hukimbia kumwinua, naye akaanguka juu yake. Badala ya maiti moja zikawa mbili. Mhudumu aliyefundishwa husimama kwanza, akatazama: Je, kuna hewa mbaya? Kuna gari lijalo, waya wa umeme, petroli iliyomwagika? Mwokozi aliyekufa hamwokoi mtu.

Kujua nani atangulie

Pikipiki imegongana na lori barabarani. Mmoja amevunjika mguu, apiga kelele. Wa pili amelala kimya. Watu wote humkimbilia apigaye kelele. Mhudumu humwendea aliye kimya, kwa maana aliaye anapumua, lakini aliyenyamaza hatujui.

Tena hufuata utaratibu uleule kila mara, asije akasahau kwa hofu. Kwanza, njia ya hewa i wazi? Pili, anapumua sawasawa? Tatu, damu yamwagika? Nne, akili zake zi timamu? Tano, mwili mzima una majeraha gani mengine? Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi 12 mpaka 20 kwa dakika, na moyo wake hupiga mara 60 mpaka 100. Mhudumu ayajua hayo, huhesabu, huandika.

Kazi ya mikono

Damu ikitoka kwa nguvu, hukandamiza jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia. Ikiwa ni ya mkono au mguu nayo haikomi, hufunga ukanda mpana juu ya jeraha, akaukaza mpaka damu isimame, kisha akaandika saa aliyoufunga. Mtu asiyepumua na ambaye moyo wake umesimama, humkandamiza katikati ya kifua mara 100 mpaka 120 kwa dakika, kifua kibonyee sentimeta 5 au 6. Kazi hiyo huchosha sana; ndiyo maana hufanywa kwa zamu.

Aliyeungua humiminiwa maji safi ya baridi kwa dakika 20. Si dawa ya meno, si mafuta, si udongo. Kibati maji ni ya shida, kwa kuwa mvua hunywewa upesi na mawe ya volkano. Basi pipa la maji ya mvua lililofunikwa vema ni dawa pia. Na aliyeumia shingo au mgongo asikunjwe juu ya pikipiki katikati ya watu wawili. Hulazwa juu ya ubao au machela, kichwa kikishikwa kisitikisike.

Shule zake

Msiba hausubiri madaktari watoshe. Mwaka 2009 zilitolewa habari za mafunzo ya Kampala, ambako watu zaidi ya 300, miongoni mwao polisi na madereva wa teksi, walifundishwa huduma ya kwanza kwa siku moja. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, pamoja na Msalaba Mwekundu, lilitoa mafunzo ya siku tano kwa wauguzi na waganga. Yalikuwa yamejaribiwa Uganda, Tanzania na Zambia. Marekani, mhudumu wa ngazi ya msingi husoma kama saa 120 mpaka 200, kisha hufanya mtihani.

Kwa kijana wa Kongo, mlango ulio karibu ni kujitolea katika Msalaba Mwekundu, awe sekuriste. Masekuriste hao walikuwa kazini mwaka 2021, wakiwasaidia pia watoto waliopotezana na wazazi. Atakaye kwenda mbele huingia shule ya uuguzi: ITM kwa diploma ya A2, kisha ISTM. Kwa hiyo mwanafunzi asidharau hesabu, biolojia wala Kifaransa.

Wazee husema haraka haraka haina baraka. Husema pia ngoja ngoja huumiza matumbo. Penye ajali maneno yote mawili ni kweli, na aliyesoma ndiye ajuaye lipi lifuatwe kwa saa ile. Wazazi, mtoto akiomba ruhusa ya kwenda mafunzoni siku ya mapumziko, msimnyime. Huenda wa kwanza atakayemtibu ni mmoja wenu.