Shingo Tupu ya Kishingo

Ukishamnyonyoa kuku, kabla hujampitisha motoni kuunguza vinyoya vilivyosalia, mgeuze utazame mgongo wake. Vishimo vya manyoya havikukaa ovyo. Vimejipanga kwa mistari ya mshazari, huu ukikatiza ule, na kila kishimo kimezungukwa na vingine sita. Mimi nimekulia Hanga, kijiji ambacho wengi wanakijua kwa abasia ya Wabenediktini, na kuku wa kienyeji nimewazoea tangu utoto. Mpangilio huo wa ngozi ulinishughulisha kuliko nyama yenyewe. Nilitaka kujua nani aliupima.

Hakuna aliyeupima. Yai la kuku huatamiwa siku 21, na kwa siku sita hivi za mwanzo ngozi ya kiinitete ni laini, haina tofauti mahali na mahali. Karibu na siku ya saba vinundu huanza kujitokeza katikati ya mgongo, kisha safu nyingine hufuata kushuka ubavuni, kila kinundu kipya kikikaa kwenye mwanya kati ya viwili vilivyotangulia. Katika jeni zake hamna ramani ya kila unyoya. Seli zinazoanza kukusanyika hutoa protini za kuwaita wenzao, na hapohapo hutoa protini za kukataza, ambazo hufika mbali zaidi ya zile za kuita. Ni sawa na mwembe mkubwa: kivuli chake huenda mbali kuliko shina, na mche hauoti mpaka kivuli kiishe. Pale nguvu ya katazo inapofifia, ndipo kinundu kingine huanza.

Wazo hili lilitangulia ushahidi. Mwanahisabati Mwingereza Alan Turing, yuleyule aliyesaidia kufumbua maandishi ya siri ya jeshi la Ujerumani wakati wa Vita Kuu ya Pili, alichapisha mwaka 1952 hesabu zinazoonyesha kwamba kemikali mbili zinazosambaa kwa kasi tofauti zinaweza kuligeuza tabaka la seli lililo sawasawa likawa na madoa au mistari. Alifariki mwaka 1954, miaka mingi kabla protini za ngozi ya kuku hazijatambuliwa. Siku hizi tunajua pia kwamba kemikali hazifanyi kazi peke yake. Seli za ngozi huvutana, na mvutano huo nao husaidia kuamua vinundu vianzie wapi.

Sasa nije kwa kishingo, kuku mwenye shingo isiyo na manyoya. Huniuma kusikia mtu akisema ndege huyu ni mgonjwa, ana upungufu wa lishe, au amedonolewa manyoya na wenzake. Kishingo hutoka kwenye yai akiwa hivyo, na shingo yake imetufundisha jambo ambalo kuku mwenye manyoya tele asingeweza kutuonyesha.

Mwaka 2011 watafiti wa Taasisi ya Roslin, karibu na Edinburgh huko Uskoti, ambako kondoo Dolly alizaliwa mwaka 1996, walieleza chanzo chake. Kipande kirefu cha kromosomu ya 1 kimepachikwa katika kromosomu ya 3, upande ule ilipo jeni ya protini iitwayo BMP12, mmoja wa wale wakatazaji. Kwa hiyo ngozi ya kiinitete cha kishingo hupata katazo kupita kiasi. Mbona basi mgongo una manyoya? Jibu lake ndilo linalonivutia zaidi. Ngozi ya shingo hutengeneza asidi ya retinoiki, kitu kinachotokana na vitamini A, na asidi hiyo huifanya shingo ilisikie katazo kwa ukali kuliko mwili. Watafiti walipoipa ngozi ya viinitete vya kuku wa kawaida BMP12 maabara, manyoya ya shingo yalizuilika kwa kiasi ambacho mwili ulikistahimili.

Maana yake ni kwamba kuku wote wana mpaka huo uliofichika kati ya shingo na mwili, hata jogoo mwenye manyoya ya kung'aa mpaka kichwani. Katazo likiongezeka kidogo, mpaka unajionyesha. Huenda ndiyo maana shingo tupu imejitokeza pia kwa ndege wengine kama tumbusi na mbuni.

Kwa mfugaji, mpaka huo una faida. Kishingo aliyerithi jeni hii kwa mzazi mmoja hupungukiwa na manyoya kwa takriban asilimia 20, na aliyerithi kwa wote wawili hufika karibu asilimia 40, hivyo joto hutoka mwilini kwa urahisi. Kwenye joto la Lindi au Tunduru huyu ni kuku wa kutunzwa, si wa kuchinjwa kwanza kwa sababu ya sura. Huku kwetu baridi ya Juni na Julai ni kali, kwa hiyo vifaranga wake wapewe banda lisilopitisha upepo. Na ukitaka kujua amerithi kiasi gani, tazama mbele ya shingo, juu ya gole. Akiwa na kishungi cha manyoya pale, amerithi kwa mzazi mmoja tu, na ukimpandisha na kuku wa kawaida, tarajia kama nusu ya vifaranga wawe kishingo.