Je, Wajua? Mizigo Inayopita Juu ya Paa Lako Voi

Je, wajua kwamba kuna vyombo vya mizigo vinavyopita juu ya Voi bila dereva wala utingo? Vinapeleka chakula, maji, hewa na mafuta kwa watu wanaoishi angani. Cha kwanza, Progress 1, kilirushwa na Umoja wa Kisovieti tarehe 20 Januari 1978, kikafunga safari hadi kituo cha Salyut 6 bila mtu hata mmoja ndani.

Wajua Kituo cha Kimataifa cha Anga kiko kilomita 400 hivi tu juu yetu? Barabara ya Mombasa hadi Nairobi ni ndefu kuliko hapo! Kazi iko kwenye mwendo: kituo kinakata kilomita 28,000 kwa saa. Kwa mwendo huo, Voi hadi Mombasa ni kama sekunde 20. Hata mkanda hujafunga.

Na chombo cha mizigo lazima kikifukuze mpaka kikipate. Julai 2020, chombo kimoja cha aina ya Progress kilifika kwa muda usiozidi saa tatu na nusu. Ungepanda basi Voi dakika ile kilipokuwa kikirushwa, kingefika kituoni wewe bado hujaiona Nairobi.

Uzito je? Tani 7 hivi kikiwa kimejaa. Ndovu dume wa Tsavo hafui dafu.

Sasa sogea karibu, hii ni yetu. Setilaiti ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ilisafiri kama mzigo! Tarehe 2 Aprili 2018 ilirushwa kutoka Florida ndani ya chombo cha mizigo kiitwacho Dragon, pamoja na shehena ya kilo zaidi ya 2,600. Yenyewe ilikuwa boksi la sentimita 10 kila upande. Ungeishika kwa mkono mmoja. Tena Dragon ile ilikuwa ya mtumba, ilishawahi kwenda angani mwaka 2016. Tarehe 11 Mei, kutoka maabara ya Wajapani kituoni, kijiboksi chetu kiliachiwa kikaanza kuizunguka dunia.

Waganda nao hawakubaki nyuma. Setilaiti yao, PearlAfricaSat-1, ilipanda chombo kingine cha mizigo, Cygnus, tarehe 7 Novemba 2022. Bawa moja kati ya mawili ya sola likagoma kufunguka! Cygnus ikaenda hivyo hivyo na bawa moja, na siku mbili baadaye mkono wa roboti wa kituo ukaidaka salama.

Wajua kule juu hakuna kufua? Nguo zikichafuka hutiwa ndani ya Progress au Cygnus pamoja na takataka nyingine, kisha chombo kizima huachwa kiteketee angani kikirudi. Dragon peke yake ndiyo hurudi na mzigo mzima, ikatua baharini kwa miavuli.

Kukiona kituo chenyewe huhitaji darubini. Uwe Sofia au Kaloleni hapa Voi, Wundanyi au Taveta, NASA hutoa ratiba yake bure kwenye intaneti. Chagua siku kinapopita baada ya magharibi au kabla ya mapambazuko, toka nje na watoto, utafute nuru nyeupe inayokwenda bila kumetameta. Ukiona nukta hafifu inayoifuata nyuma, huenda ndiyo mizigo inafika.